Nembo Ukutani na Rejesta Mezani

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika ofisi nyingi za vyama vya msingi, hata zile zenye meza moja na kabati moja, huonekana ukutani picha ya Nembo ya Taifa, ambayo wananchi wameizoea kwa jina la Bibi na Bwana. Mwanachama huiona siku ya kuleta mazao, huiona siku ya malipo, na huiona tena juu ya kila barua itokayo serikalini. Lakini kitu kinachoonwa kila siku aghalabu hakisomwi. Shabaha ya mazungumzo haya ni kuisoma picha hiyo kama katibu mwema asomavyo daftari lake: mstari kwa mstari, bila kuruka, na mwishoni kuuliza kama yaliyoandikwa yanalingana na yaliyomo ghalani.

Neno moja la tahadhari litangulie. Nembo hiyo inalindwa na Sheria ya Bendera na Nembo ya Taifa ya mwaka 1971, na haitumiki kwa biashara bila kibali. Chama kinaweza kuiheshimu ukutani, lakini chama kisichapishe Bibi na Bwana juu ya stakabadhi zake ili zionekane kuwa za serikali. Chama cha ushirika ni mali ya wanachama wake, na kina muhuri wake.

NGAO NA YALIYOMO

Katikati ya nembo ipo ngao ya shujaa. Sehemu yake ya juu ni ya rangi ya dhahabu, nayo ni ishara ya madini ya nchi. Juu ya dhahabu hiyo unawaka mwenge, ishara ya uhuru, mwanga na maarifa. Chini yake ipo bendera ya Jamhuri ya Muungano. Halafu sehemu nyekundu, yaani udongo wenye rutuba. Na chini kabisa mawimbi ya buluu na meupe, kwa ajili ya bahari, maziwa na pwani. Juu ya ngao hiyo umesimama mkuki wa kulinda uhuru, na shoka na jembe vimepishana, zana ambazo wananchi walizitumia kuijenga nchi.

Bendera nayo ina historia yake. Wakati wa utawala wa Waingereza, bendera ya Tanganyika ilikuwa na kichwa cha twiga ndani ya duara jeupe. Ilipopatikana Uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, ikapandishwa bendera ya kijani na nyeusi, yenye mistari ya njano kati yake. Kwa upande wa Zanzibar, dola iliyopata uhuru Desemba 1963 ilikuwa na bendera nyekundu yenye duara la kijani, na ndani ya duara hilo karafuu mbili. Bendera hiyo haikudumu hata miezi miwili, kwa sababu tarehe 12 Januari, 1964 yalitokea Mapinduzi. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili, 1964, rangi za pande mbili zikaunganishwa: kijani cha mimea, nyeusi ya wananchi, buluu ya maji na njano ya madini. Karafuu ikaondoka kwenye bendera, lakini haikupotea. Ilipewa mahali katika nembo, miguuni pa Bwana.

KARAFUU MIGUUNI PA BWANA

Mkarafuu si mti wa asili wa Afrika ya Mashariki. Uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa, na Seyyid Said akaueneza kwa nguvu. Mashamba yalipanuka kwa jasho la watumwa waliotolewa bara, na utumwa haukufutwa kisheria Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Mwaka 1872 tufani kubwa iling'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Ile ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoshika uongozi wa zao hilo.

Baada ya Mapinduzi ardhi ilitwaliwa na serikali, na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Mwaka 1968 likaanzishwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambalo lilikabidhiwa ununuzi wa karafuu. Bei ilipokuwa ndogo mno kwa mchumaji, karafuu zilivushwa usiku kwa magendo. Fundisho lake ni fupi: mnunuzi akiwa mmoja tu, uaminifu wa bei ndiyo sera pekee inayoweza kumrudisha mkulima kituoni mchana.

PAMBA MIGUUNI PA BIBI

Zao la pili limewekwa miguuni pa Bibi, nalo ni pamba. Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa maana historia ya pamba ni historia ya ushirika wenyewe, kwa heri na kwa shari.

Wakati wa Wajerumani, wananchi wa kusini walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya maakida. Waliacha mashamba yao ya chakula, na malipo waliyoyapata yalikuwa ya kudharauliwa. Mwezi wa Julai, 1905, wananchi wa Umatumbi waling'oa mashina ya pamba katika shamba la namna hiyo. Hicho ndicho kilikuwa kitendo cha kwanza cha Vita vya Maji Maji. Vita hivyo viliendelea hadi mwaka 1907, na makumi kwa makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa njaa baada ya vyakula kuchomwa. Basi shina lile lile lililong'olewa kwa hasira mwaka 1905, ndilo lililochorwa katika nembo ya nchi huru. Zao halikubadilika. Kilichobadilika ni nani analima kwa hiari yake, na nani anashika mizani.

Mizani ndiyo iliyozaa ushirika wa pamba katika Kanda ya Ziwa. Wakulima wa Usukuma waliuza pamba kwa wanunuzi binafsi, na malalamiko yao makubwa yalikuwa kwamba kilo zinapungua kati ya gunia na karatasi. Wakulima wakajikusanya na kuweka watu wao wa kuthibitisha uzito. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, chini ya uongozi wa watu kama Ndugu Paul Bomani, vikundi hivyo vikawa vyama vilivyoandikishwa, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Likanunua viwanda vya kuchambua pamba, na mpaka miaka ya mwanzo ya Uhuru likahesabiwa kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika katika Afrika nzima.

Lakini ukweli mwingine lazima usemwe pia. Wale waliokuja kulinda mizani ya mkulima, wengine wao waligeuka kuwa ndio wa kulindwa dhidi yao. Makato yaliongezeka, watumishi wakawa wengi kuliko kazi, na mkulima akasubiri malipo. Mwaka 1966 serikali ililazimika kuunda kamati maalumu ya kuchunguza mwenendo wa vyama vya ushirika. Mwezi wa Mei, 1976, vyama vikuu vyote vilivunjwa, na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Majengo, magari na mitambo iliyonunuliwa kwa makato ya wakulima ikaingia mikono mingine. Mamlaka hizo nazo hazikuwa nafuu, na mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kurudisha ushirika. Zikafuata sheria za mwaka 1991, 2003 na 2013, kila moja ikijaribu kuziba tundu lililoachwa na ile iliyotangulia.

Kwa nini habari hii isimuliwe tena mbele ya makatibu? Kwa sababu mwaka 1976 mwanachama wa kawaida hakusimama kukitetea chama chake. Mtu hatetei nyumba ambayo hana ufunguo wake. Chama ambacho wanachama hawasomewi hesabu, siku ya dhoruba hakina mtu wa kukishikilia.

MLIMA CHINI YA NYAYO

Ngao imesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera katika kilele chake. Lakini wanaushirika wana sababu yao nyingine ya kuutazama mlima huo. Kahawa haikuchorwa katika nembo, ila katika miteremko ya mlima uliochorwa ndipo wakulima wa kahawa walipounda chama chao mwaka 1925, mmoja wa viongozi wao akiwa Ndugu Joseph Merinyo, kwa ajili ya kulinda haki yao ya kulima na kuuza kahawa. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilipitishwa mwaka 1932, na mwaka 1933 kikaandikishwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Wakulima wa Kahawa wa Kilimanjaro, yaani KNCU. Kwa hiyo mwanachama anapoutazama mlima katika picha, kumbe anatazama pia mahali ushirika wa nchi hii ulipoweka jiwe lake la msingi.

PEMBE NA WANYAMA

Bibi na Bwana wameshika pembe za ndovu. Katika karne ya 19 pembe hizo zilitoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, mabegani mwa wapagazi, na biashara yake ilikwenda sambamba na biashara ya watumwa. Leo pembe hizo katika nembo ni amana, si bidhaa. Mwezi wa Septemba, 1961, kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Tamko la Arusha juu ya wanyama wa porini (lisichanganywe na Azimio la Arusha la mwaka 1967), akiahidi kwamba nchi itawatunza kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ahadi hiyo imejaribiwa mara nyingi. Katika miaka ya 1980 ujangili ulizidi hata ikaendeshwa Operesheni Uhai mwaka 1989, na mwaka huo huo Tanzania ikawa mstari wa mbele kudai biashara ya pembe ipigwe marufuku duniani. Hata hivyo, hesabu za mwaka 2009 zilionyesha tembo wapatao 109,000, na zile za mwaka 2014 zikaonyesha karibu 43,000 tu. Katika miaka mitano nchi ilipoteza zaidi ya nusu ya kile ambacho Bibi na Bwana wanakishika mikononi. Tangu hapo ulinzi umeimarishwa na kundi limeanza kuongezeka.

Twiga, ambaye ndiye mnyama wa taifa, hayumo katika nembo. Lakini sheria inakataza kumwinda, na sura yake imo katika mikia ya ndege za shirika la taifa. Wanyama wengine wanapita mikononi mwa wanachama kila siku ya malipo: simba katika sarafu ya shilingi 200, na nyati katika ile ya shilingi 500.

Mwanachama ambaye shamba lake lipo kando ya pori ana haki ya kuuliza: amana hii anaibeba nani? Tembo akiingia shambani kwa usiku mmoja, kazi ya miezi minne huisha. Zipo kanuni za serikali za mwaka 2011 kuhusu malipo ambayo wananchi huyaita kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Malipo hayo si fidia kamili, na mara nyingi huchelewa. Lakini mwenye madai yasiyoandikwa hana hata cha kungojea. Katibu anaweza kumsaidia mwanachama katika jambo hili: kuhakikisha taarifa imefika haraka kwa ofisa wa wanyamapori, eka zimepimwa, na nakala imehifadhiwa katika jalada la chama. Utalii unaoletewa sifa na wanyama hao ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha za kigeni, pamoja na dhahabu inayoashiriwa na sehemu ya juu ya ngao. Ni haki basi mkulima anayeishi jirani na tembo asiachwe peke yake na hasara.

NANI ALICHORA?

Mwaka 2017 alifariki Dar es Salaam Mzee Francis Maige Kanyasu, aliyejulikana zaidi kwa jina la Ngosha, ambaye alieleza kwamba alishiriki kuichora nembo hii. Wapo wengine pia waliotajwa kuwa na mkono katika kazi hiyo. Watu waliishi na kazi yao ukutani kila mahali, na bado mjadala ukaendelea juu ya nani hasa alishika kalamu. Makatibu walipime jambo hili. Ikiwa kazi inayoonwa na taifa zima inaweza kuleta ubishi kuhusu mwenyewe, je, kilo 40 za pamba za mwanachama mmoja, zilizopokewa jioni na kuandikwa juu ya kipande cha boksi, zitabaki salama hadi siku ya malipo?

BIBI HAYUMO KATIKA REJESTA

Sasa inafika sehemu iliyo kiini cha mazungumzo haya. Maelezo rasmi ya nembo yanasema kwamba karafuu miguuni pa Bwana na pamba miguuni pa Bibi ni ishara ya ushirikiano. Wanaushirika hawakupaswa kutafuta neno lao mbali. Limo katika nembo yenyewe. Tazameni tena wale watu wawili. Wamesimama kimo sawa. Kila mmoja ameshika pembe yake. Kila mmoja ana zao lake miguuni.

Kisha teremsheni macho kutoka ukutani hadi mezani, mkafungue rejesta ya wanachama. Hesabuni majina ya kiume, halafu hesabuni ya kike. Katika vyama vingi Bwana yumo na Bibi hayumo. Aliyepalilia mara mbili, aliyechuma kwa vidole, aliyeanika na kuchambua safi na fifi, hana namba ya uanachama. Akileta mzigo, huandikiwa jina la mume. Mkutano mkuu ukiitishwa, yeye hupika.

Sheria haimzuii. Sheria ya mwaka 2013 haikusema kwamba nyumba moja ni mwanachama mmoja, wala kwamba mwanachama ni mwanamume. Mwenye sifa akilipa kiingilio na kununua hisa anaandikishwa. Kinachomzuia ni mazoea, na mazoea hayo yanaandikwa kwa kalamu ya katibu.

Chukueni mfano. Mwanachama ameleta kilo 600 za pamba, naye akafariki kabla ya malipo. Katika rejesta ipo nafasi ya kuandika jina la mrithi wa hisa zake, nayo ni tupu. Mjane anafika ofisini na stakabadhi zote, zimefungwa katika upande wa khanga. Katibu anamjua, amemwona kwenye mizani misimu kumi. Lakini katibu anasema, na kwa vitabu alivyo navyo anasema kweli, kwamba chama hakimjui. Anatumwa kwa mtendaji wa kijiji, anatumwa mahakama ya mwanzo, anarudi na kuambiwa alete wajumbe wa ukoo. Wakati huo ndugu wa marehemu naye amefika na madai yake. Watoto wanangoja ada, na jembe la msimu mpya halijanunuliwa. Yote hayo kwa sababu ya mstari mmoja ambao ungejazwa kwa nusu dakika siku mwanachama alipoandikishwa.

Huo si wizi, na hakuna mkaguzi atakayeutia katika hesabu kama upotevu. Lakini kwa mjane yule chama kimemfanyia kile mizani ya zamani ilichowafanyia wakulima wa Usukuma: kazi imeingia nzima, na karatasi imetoka pungufu.

YA KUFANYA

Basi kabla ya msimu ujao kila katibu ayafanye mambo manne. La kwanza, apitie rejesta jina kwa jina, na kila mwanachama aitwe kujaza nafasi ya mrithi. Mwanachama asiyejua kuandika asomewe kwa sauti yaliyoandikwa, mbele ya shahidi, ndipo aweke dole gumba. La pili, bodi ipeleke mbele ya mkutano mkuu wito wa kuandikisha wanawake wanaolima, kwa majina yao wenyewe, na pale ambapo kiingilio ni kizito, mkutano ufikirie kukipokea kwa mafungu. La tatu, stakabadhi iandikwe hapo hapo kwenye mizani, kwa jina la mwenye zao, na nakala ibaki kitabuni hata pale ambapo kumbukumbu zinaingizwa katika mashine. Mashine hutunza kile ilichopewa. Ikipewa jina lisilo sahihi, italitunza kwa uaminifu mkubwa. La nne, hesabu zisomwe mkutanoni kwa lugha ya wanachama, na asiyeelewa aruhusiwe kuuliza mara ya pili bila kuchekwa.

Hapa wengine watauliza kama wanaume watakubali. Wapo watakaokataa. Mwanamume mwenye hofu aulizwe swali moja: siku akiwa kaburini, angependa katibu wa chama amwambie mkewe nini?

Chini ya nyayo za Bibi na Bwana yameandikwa maneno mawili, Uhuru na Umoja. Uhuru wa mkulima umo katika mizani iliyo sawa na malipo yanayofika kwa mwenyewe. Umoja wake umo katika rejesta isiyoacha mtu wa nyumba nje. Atakaporudi kila katibu ofisini kwake, ataikuta picha pale pale ukutani. Afungue rejesta chini yake, atafute Bibi ameandikwa ukurasa gani, na kama hayumo, achukue kalamu.